Mali Bila Daftari: Maisha ya Gauss

Nataka kuwasimulia maisha ya Carl Friedrich Gauss, bingwa wa hesabu wa Ujerumani. Najua wapo watakaouliza, jarida la Kiswahili na hesabu wapi na wapi? Subirini kidogo, mtaona.

Gauss alizaliwa mjini Braunschweig mwaka wa 1777, katika jamaa ya watu wa hali ya chini. Babake alikuwa mtu wa vibarua: leo ujenzi, kesho bustani. Mamake hakuwa amesoma, kwa hivyo siku aliyozaliwa mwanawe haikuandikwa. Alikumbuka tu kwamba ilikuwa Jumatano, siku nane kabla ya sikukuu ya Kupaa. Baadaye Gauss alitunga kanuni ya kutafuta tarehe ya Pasaka ya mwaka wowote. Mwaka ule Pasaka ilikuwa Machi 30, na Kupaa ikawa Mei 8. Basi alizaliwa Aprili 30. Lo! Mtu kutafuta siku yake ya kuzaliwa kwa hesabu!

Inasimuliwa kwamba akiwa mtoto shuleni, mwalimu aliwaambia wajumlishe namba zote kuanzia 1 hadi 100. Wenzake waliinama kujumlisha moja moja. Gauss aliona kwamba 1 na 100 ni 101, 2 na 99 ni 101, na jozi za namna hiyo ni 50. Akaandika 5,050, akaketi. Mtawala wa Braunschweig aliposikia sifa zake alimlipia masomo, kama vile siku hizi mtu anavyopata basari.

Alipokuwa na umri wa miaka kama 15 alipata kitabu cha majedwali ya logi, chenye pia orodha ya namba tasa. Namba tasa ni ile isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe, mfano 2, 3, 5, 7 na 11. Alianza kuzihesabu kwa mafungu ya elfu elfu, akaona zinapungua kadiri unavyosonga mbele. Ni kama mtu akitoka Thika mjini kuelekea mashamba ya mananasi: mwanzo maduka yamebanana, kisha moja hapa, jingine kule. Hadi 100 zipo 25. Hadi 1,000 zipo 168. Hadi 1,000,000 zipo 78,498. Gauss alitambua kwamba upungufu huo una utaratibu: karibu na 1,000 namba moja kati ya 7 hivi ni tasa, na karibu na 1,000,000 ni moja kati ya 14 hivi. Hiyo 7 na hiyo 14 ni logarithimu asilia za namba zenyewe.

Sasa hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Mwaka jana tulipewa programu ya tarakilishi ya kupima msongamano wa namba tasa. Aliyeitunga ni mwanafunzi wa shule moja ya Ruiru, ambaye alikuwa amemaliza Kidato cha Nne na kuondoka. Programu ilifika hapa Thika bila hata mstari mmoja wa maelezo. Ilitoa safu tatu za tarakimu, na hakuna aliyejua ya tatu ni ya nini. Muhula mzima ulipita kabla hatujang'amua kwamba ni makadirio ya Gauss! Nikapewa kazi ya kuandika maelezo yake kwa Kiswahili, na ndivyo nilivyoanza kusoma maisha ya mtu huyu.

Nilichokuta kilinishangaza, kwani Gauss mwenyewe alikuwa na tabia hiyo hiyo. Hakupenda kutoa kazi mpaka iive kabisa, kama mchuma kahawa wa Ruiru anayeacha buni mbichi mtini. Uamuzi huo ulimpa heshima kubwa: kitabu chake cha mwaka wa 1801 kuhusu namba kinasifiwa hadi leo. Lakini ulikuwa na hasara pia. Habari ya namba tasa hakuichapisha. Mfaransa Legendre alitoa kanuni yake mwaka wa 1798, ilhali Gauss aliieleza yake katika barua kwa rafiki yake Encke mwaka wa 1849, akiwa mzee wa miaka 72. Isitoshe, kijana wa Hungaria, János Bolyai, alipochapisha jiometri mpya mwaka wa 1832, Gauss alimjibu babake kwamba yeye aliyafikiria hayo zamani. Kijana wa watu alivunjika moyo kabisa.

Gauss alifariki mjini Göttingen mnamo Februari 23, 1855. Shajara yake, aliyoianza mwaka wa 1796, ilipatikana miaka mingi baadaye. Ina maandishi mafupi 146, na mengine ni mafumbo yaliyowatesa wataalamu. Kanuni yake ya namba tasa ilithibitishwa mwaka wa 1896, na Hadamard na de la Vallée Poussin, kila mmoja kivyake.

Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hivyo maelezo yetu yanasema haya. Programu inatumia chekeche la Eratosthenes, mzaliwa wa Kurene katika Libya ya leo: bakisha 2, kata 4, 6, 8 na kuendelea, bakisha 3, kata 6, 9, 12, fanya hivyo hivyo, zitakazosalia ni tasa. Safu ya kwanza ni fungu, ya pili ni hesabu kamili, ya tatu ni makadirio ya Gauss. Namba 1 haihesabiwi. Ukitaka kujua kama inafanya kazi sawasawa, iambie ifike 1,000. Isipokuletea 168, usiiamini. Nakala moja iko maktabani, nyingine tumeipeleka Ruiru. Someni, na palipo na giza mtuambie turekebishe.