Daktari Freud na Mzigo wa Moyoni

Mara nyingi tunasoma habari za mabingwa waliovumbua dawa na mitambo. Mimi nimependa kuwasimulia habari za daktari aliyegundua jambo lisiloonekana hata kwa hadubini.

Sigmund Freud alizaliwa tarehe 6 Mei, 1856, katika mji wa Freiberg, ambao leo huitwa Příbor nao umo katika Jamhuri ya Cheki. Mwaka 1860 wazazi wake walihamia Vienna. Huko alisoma udaktari, akahitimu mwaka 1881, kisha akaanza kuwatibu watu wenye maradhi ya moyoni kwa kuwasikiliza.

Basi akaona ajabu. Wagonjwa wengine walimpenda mno, wengine walimkasirikia, naye hakuwatendea lolote. Mwaka 1895, katika kitabu alichoandika pamoja na Daktari Josef Breuer, alieleza kwamba hisia hizo zilimhusu mtu mwingine wa zamani, ila mgonjwa alizihamishia kwa daktari. Aliliita jambo hilo Übertragung, neno la Kijerumani lenye maana ya kuchukua kitu na kukivusha ng'ambo.

Lakini kulijua jambo si kulishinda. Mwaka 1900 alimtibu msichana wa miaka 18, ambaye alimpa jina la Dora ili kumsitiri. Baada ya miezi mitatu hivi msichana akaacha matibabu ghafula. Freud angeweza kumlaumu. Badala yake, mwaka 1905 alitangaza kwamba kosa lilikuwa lake: hakutambua mapema kuwa hasira ya Dora ilitoka kwa mtu mwingine. Tangu hapo alifundisha kwamba kizuizi hicho, kikitambuliwa, huwa msaada mkubwa kwa tabibu.

Mwaka 1938, Wanazi walipoitwaa Austria, Freud, aliyekuwa Myahudi, alikimbilia London. Alifariki huko tarehe 23 Septemba, 1939.

Wataalamu wa lugha nao husema juu ya kuhamisha. Sisi husikia sauti na husikia harufu pia. Mwingereza hutumia vitenzi viwili mbalimbali. Mwanafunzi akichukua desturi ya Kiswahili na kuipeleka katika Kiingereza, mwalimu humsahihisha. Huyo si mjinga, bali amevuka na mzigo wa nyumbani.

Naona ndivyo ilivyo bwenini pia. Mwenzetu akitufokea bila sababu, tusiharakishe kulipiza. Huenda hasira ile haikuwa yetu.