Humphry Davy: Mwanakemia aliyezikinga meli za kivita, akaishia kubezwa

MAPAA ya mabati yaliyotanda mitaani Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, yana nasaba na meli za kivita za Uingereza. Kinachoyakinga dhidi ya kutu ni utando mwembamba wenye zinki, na aliyefumbua siri ya kinga hiyo ni mwanakemia Sir Humphry Davy.

Davy alizaliwa Disemba 17, 1778 mjini Penzance, kusini magharibi mwa Uingereza. Babake, mchonga mbao, alifariki mwaka wa 1794, naye akawa mwanagenzi wa tabibu. Hakusomea chuo kikuu, lakini bidii ilimfikisha London, ambako mnamo 1807 alitumia umeme kutenga potasiamu na sodiamu kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1815 aliwaundia wachimba makaa ya mawe taa ya usalama.

Mnamo 1823 Jeshi la Majini lilimtaka ushauri. Mabamba ya shaba yaliyofunika matumbo ya meli yalikuwa yakiliwa na maji ya chumvi. Davy alibaini kuwa kipande kidogo cha zinki au chuma kikigusanishwa na shaba, huliwa chenyewe na kuinusuru shaba.

Meli kadhaa ziliwekewa kinga hiyo mwaka wa 1824. Shaba ilisalimika, ila balaa jingine likazuka. Kumbe shaba inayoyeyuka polepole ndiyo sumu inayofukuza mwani na viumbe wa baharini wenye magamba. Ilipoacha kuyeyuka, viumbe hao waliganda tele na kuipunguzia meli kasi.

Mwaka wa 1825 wakuu wa jeshi hilo waliamuru vipande hivyo viondolewe, na Davy akabezwa. Alifariki Geneva, Uswisi, Mei 29, 1829, akiwa na miaka 50.

Mnamo 1832 George Frederick Muntz wa Birmingham alipata hataza ya mchanganyiko wa takriban asilimia 60 ya shaba na 40 ya zinki. Ulikuwa wa bei nafuu kuliko shaba tupu, na bado uliwafukuza viumbe hao.

Hata hivyo, wazo la Davy halikuzama. Hadi leo meli za chuma hufungwa vipande vya zinki ili viliwe badala yake. Na huko Kibera, bati likikwaruzwa, zinki iliyo kando ya mkwaruzo hutangulia kuliwa. Ikiisha, ndipo kutu huanza na paa huvuja.