Hugo Black: Jaji aliyeanikwa na gazeti kwa kuwa Ku Klux Klan, kisha akageuka mtetezi sugu wa magazeti

Ijumaa usiku, tarehe 1 Oktoba 1937. Mamilioni ya Wamarekani wameketi karibu na redio wakingoja msee mmoja ajibu swali moja tu. Jaji mpya wa Mahakama ya Juu, Hugo Black, ni kweli alikuwa memba wa Ku Klux Klan, lile genge la kujifunika magunia meupe lililowatesa watu Weusi, Wakatoliki na Wayahudi?

Jamaa aliongea dakika 11 hivi. Alikubali kwamba alijiunga, akasema alitoka na hakurudi tena, kisha akanyamaza. Siku tatu baadaye alivaa joho na kuanza kazi. Alikaa kwa hicho kiti miaka 34.

Stori yake kila mwanahabari anayeripoti siasa angefaa kuijua, na sisi wasomaji pia. Hebu tuanzie ocha.

Hugo Lafayette Black alizaliwa 27 Februari 1886 huko Clay County, Alabama, kitinda mimba wa watoto wanane. Hakutoka familia ya mabwanyenye. Alimaliza masomo ya sheria Chuo Kikuu cha Alabama mwaka wa 1906, na mwaka uliofuata akahamia Birmingham kutafuta maisha kama vijana wengine wanaoingia jiji na begi moja.

Huko mwanzo rekodi yake haikuwa mbaya. Moja ya kesi zake za kwanza ilikuwa ya mfungwa Mweusi aliyezuiliwa siku 22 zaidi ya kifungo chake. Black alimshindia fidia. Baadaye, akiwa kiongozi wa mashtaka wa kaunti, aliwaandama polisi wa mji wa Bessemer waliokuwa wakiwapiga washukiwa, wengi wao Weusi, hadi wakubali makosa. Shika hiyo, tutairudia.

Lakini mwaka wa 1921 mambo yakabadilika. Padri Mkatoliki, James Coyle, aliuawa kwa risasi mjini Birmingham na mhubiri wa Kimethodisti. Kosa la padri? Alifungisha ndoa ya binti ya huyo mhubiri na mwanamume kutoka Puerto Rico. Black ndiye aliyemtetea muuaji. Kortini alihakikisha huyo bwana harusi ameonekana katika mwanga hafifu, ili raia walioamua kesi wamwone mweusi zaidi. Mhubiri akaachiliwa huru. Black alicheza karata ya ubaguzi wa rangi akijua vizuri anachofanya.

Mnamo Septemba 1923 akajiunga na Klan ya Birmingham rasmi. Wakati huo mbogi hiyo ilikuwa na nguvu za ajabu mjini. Wanasiasa, mawakili na wafanyabiashara walikuwa ndani, na mtu wa kutafuta kura aliona ni njia ya mkato. Julai 1925, akijiandaa kuwania useneta, aliandika barua ya kujiuzulu. Lakini alipopata tiketi ya chama cha Democratic mwaka wa 1926, alirudi kwenye mkutano wa Klan mwezi Septemba, akawashukuru, na wakamkabidhi kadi ya heshima ya maisha. Na wapiga kura Weusi? Karibu wote Alabama ilikuwa imewafungia nje kwa sheria zake za uchaguzi. Hakuna aliyehitaji kura zao.

Je, waandishi walikuwa wapi? Haki yao tuwape. Mhariri wa Montgomery Advertiser, Grover Hall, alishinda tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1928 kwa tahariri za kuipiga vita Klan, tena akiwa palepale Alabama. Tetesi kuhusu Black nazo zilizunguka. Shida ni kwamba tetesi zilibaki tetesi. Mgombea alienda Washington bila yeyote kuweka karatasi mezani.

Akiwa Seneti alikuwa moto. Alichunguza kandarasi za barua za ndege, akawavua nguo washawishi wa makampuni makubwa, akapigania masaa mafupi ya kazi kwa wafanyakazi. Wakati huohuo alipinga mswada wa kuzuia watu Weusi kuuawa na makundi ya wazungu. Mtetezi wa mnyonge, lakini kuna wanyonge aliowaruka.

Tarehe 12 Agosti 1937, Rais Franklin Roosevelt akamteua Mahakama ya Juu. Maswali ya Klan yakaibuka tena. Maseneta wakaulizana, wengine wakasema hakuna ushahidi, na baada ya siku tano pekee wakampitisha kwa kura 63 dhidi ya 16. Kumwita mwenzao ajibu kwa kinywa chake? Hawakujisumbua. Black akala kiapo, akabeba mke wake Josephine wakaenda zao Ulaya kupumzika.

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Haya yalinuka.

Gazeti la Pittsburgh Post-Gazette lilimtuma mwanahabari wake Ray Sprigle hadi Alabama. Sprigle hakurudi na udaku. Alirudi na makaratasi: barua ya kujiuzulu yenyewe, na rekodi ya ule mkutano wa 1926, maneno na yote. Kuanzia 13 Septemba alichapisha mfululizo wa stori ambao ulitikisa nchi. Huko London waandishi wakamkimbiza Black kila kona, naye akakataa kufungua mdomo hadi aliporudi nyumbani kwa meli na kuingia redioni. Sprigle alipata Pulitzer mwaka wa 1938.

Sasa hapa ndipo stori inakuwa tamu na ngumu kwa pamoja. Mwenye gazeti, Paul Block, alikuwa mpinzani mkali wa Roosevelt. Alikuwa na sababu zake za kutaka kumchoma rais. Je, hiyo inafanya stori kuwa ya uongo? Hapana. Makaratasi yalikuwa ya kweli, na Black mwenyewe alikubali. Lakini stori ya kwanza ilienda mbele zaidi ya makaratasi. Ilimwonyesha kama mtu ambaye bado ni memba hadi leo, wa maisha. Kadi ya heshima ilithibitisha kwamba alipewa kadi. Haikuthibitisha kwamba mwaka wa 1937 bado alikuwa anavaa gunia. Umbali kati ya hayo mawili ni mdogo kwa macho, lakini ndio mpaka wa kuripoti na kuhukumu.

Na kosa la upande wa pili lilikuwa kubwa vilevile. Stori ilitoka ikiwa imechelewa. Wapiga kura wa 1926 hawakuiona. Maseneta wa Agosti 1937 hawakuiona. Ilipotoka, mtu alikuwa tayari amekula kiapo cha kazi isiyo na muhula, na hakuna kura iliyobaki ya kupigwa. Ukweli ukifika baada ya mlango kufungwa, unabaki kuwa burudani.

Black alifanya nini na nafasi aliyobakishiwa? Mwaka wa 1940 aliandika uamuzi wa Chambers dhidi ya Florida, uliowaokoa wanaume Weusi wanne waliolazimishwa kukiri mauaji baada ya kuhojiwa siku kadhaa mfululizo. Unakumbuka Bessemer? Ni yule yule. Mwaka wa 1954 alikuwa miongoni mwa majaji tisa waliopiga marufuku shule za kubagua rangi, na kwao Alabama wakamchukia hadi kurudi nyumbani kukawa shida. Mwaka wa 1963 aliandika uamuzi wa Gideon, unaompa mshtakiwa asiye na doo haki ya wakili.

Usimpake rangi ya malaika lakini. Mwaka wa 1944 ndiye aliyeandika uamuzi wa Korematsu, uliobariki Wamarekani wenye asili ya Japani kufukuzwa makwao wakati wa vita. Hilo doa halijafutika.

Kisha kuna hii. Mwaka wa 1964, kesi ya New York Times na Sullivan ilifika kutoka Montgomery, ambako afisa wa jiji alitaka kulikamua gazeti pesa kwa sababu ya tangazo la wapigania haki za Weusi. Majaji wote waliliokoa gazeti, lakini Black alitaka zaidi: kwamba kukosoa viongozi kulindwe kabisa. Juni 1971 akasimama tena na magazeti, serikali ilipotaka kuzuia siri za vita vya Vietnam zisichapishwe. Mtu aliyevuliwa nguo na gazeti moja alimaliza kazi akiwa mlinzi wa magazeti yote. Alistaafu 17 Septemba mwaka huo na kufariki siku nane baadaye, akiwa na miaka 85.

Na Sprigle? Mwaka wa 1948 alizunguka majimbo ya Kusini akijifanya mtu Mweusi, akaandika alichokiona. Kwake ubaguzi haukuwa kiki ya msimu wa siasa.

Kampeni zikifika, hapa kwetu tuhuma ni za ukabila, na simu zinajaa klipu zilizokatwa nusu. Kuna watakaosema nyamaza, utaharibu amani. Wengine watasema chapa sasa, uliza baadaye. Stori ya Black inawakataa wote wawili. Tafuta karatasi, msikize mtuhumiwa, sema kilichothibitishwa ukomee hapo. Na ufanye hivyo kabla watu hawajapiga kura.