JOHN HARRISON, FUNDI WA SAA

Saa ikichelewa, sisi wanafunzi tunasukuma mishale, basi. John Harrison, seremala wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1693, alitafuta kwanza kosa linatoka wapi. Usiku, pamoja na ndugu yake James, alipima saa zao za mbao kwa nyota, maana nyota hazichelewi. Akavumbua: joto linarefusha fimbo yenye kuning'inia. Akafunga fimbo za chuma pamoja na za shaba ya manjano; chuma kikishusha uzito, shaba inaupandisha.

Lakini mu merikebu fimbo haifai, inatikisika, na bila saa ya kweli mabaharia walipotea. Saa yake ya nne, mfano wa saa kubwa ya mfukoni, ilifika Jamaika mwaka 1762. Kawaida yake ya kuchelewa ikiisha kuhesabiwa, kosa lilibaki sekunde 5 tu! Hata hivi wakubwa wakakawisha malipo. Bunge ndilo lilimalizia mu 1773, yeye mzee wa miaka 80. Alikufa London mu 1776.