Finch Hatton: Mwindaji aliyeleta santuri chini ya Milima ya Ngong

ASUBUHI ya anga safi, msafiri anayetoka Kitengela akielekea Nairobi kwa barabara ya Namanga huiona Milima ya Ngong upande wa kushoto, vilele vyake vikiwa vimepangana mfano wa vifundo vya ngumi. Ni wachache wanaojua kwamba kwenye mteremko wa mashariki wa milima hiyo, ndani ya Kaunti ya Kajiado, amezikwa Mwingereza ambaye jina lake halitajwi bila kukumbukwa sauti ya klarineti.

Jina hilo ni Denys Finch Hatton. Walimwengu wengi wanamjua kupitia filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, ambamo Robert Redford aliigiza nafasi yake. Humo anaonekana akiwapigia nyani muziki wa Mozart kwa gramafoni porini. Picha hiyo inapendeza, lakini haimwelezi vyema mhusika mwenyewe.

Alizaliwa London Aprili 24, 1887, katika ukoo wa makabaila wa Winchilsea, akasomea Eton na baadaye Chuo Kikuu cha Oxford. Alifika nchini mwaka 1911. Itakumbukwa kwamba huo ndio mwaka ambao Wamasai walitiwa katika mkataba wa pili na serikali ya kikoloni, ule uliowaondoa Laikipia na kuwasukuma kusini, katika nchi inayojumuisha Kajiado ya leo. Kijana wa kabaila alipata ardhi upande wa Eldoret bila taabu huku wenyeji wakifungasha mizigo. Maisha yake hayasomeki sawasawa bila jambo hilo.

Kilimo hakikumkaa rohoni. Alijaribu biashara, akapigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akawa mwongozaji wa safari za uwindaji. Wateja wake walikuwa matajiri, akiwemo mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, Mwanamfalme Edward, aliyemwongoza mwaka 1928 na tena 1930. Ajabu ni kwamba mwindaji huyo huyo ndiye aliyepaza sauti katika magazeti ya London kupinga mtindo wa kuwafyatulia simba risasi kutoka ndani ya motokaa huko Serengeti.

Mwaka 1918, katika Klabu ya Muthaiga, alikutana na Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya Ngong. Katika miaka ya 1920 nyumba ya shamba hilo ikawa ndiyo kituo chake kati ya safari moja na nyingine. Alimfundisha mwenyeji wake Kilatini, akamsomea washairi wa Kiyunani, na siku moja akamletea gramafoni.

Kinanda hicho kilibadili maisha ya nyumba nzima. Blixen alipenda watunzi wa kale, Finch Hatton akapendelea watunzi wapya kabisa, wale waliokuwa wakivunja kanuni. Ulikuwa wakati ambao Ulaya ilikuwa haijasahau kizaazaa alichozua Mrusi Stravinsky jijini Paris mwaka 1913. Hata Beethoven, bingwa wa mabingwa, Finch Hatton alimwona hana staha ya kutosha. Mtu anayesifiwa kwa Mozart kumbe sikio lake lilikuwa likitazama mbele!

Lakini msikilizaji anayemvutia zaidi mwandishi wa makala haya hakutoka Oxford. Ni Kamante Gatura, kijana wa Kikuyu aliyefika kwa Blixen akiwa na vidonda vibaya miguuni, akatibiwa katika hospitali ya misheni ya Waskoti, na hatimaye akawa mpishi hodari asiye na mfano. Blixen alipokuwa peke yake nyumbani, watumishi waliruhusiwa kuchagua santuri. Kamante alishikilia moja tu: ile sehemu ya mwendo wa pole katika konsato ya piano ya Beethoven. Mara ya kwanza alipata shida kueleza alichokitaka, kwani muziki usio na maneno hauna jina mdomoni mwa asiyesoma jalada. Kwa hiyo mtunzi aliyepuuzwa na msomi alipata mpenzi wake jikoni.

Mwaka 1930 Finch Hatton alileta ndege ndogo aina ya Gipsy Moth. Mei 14, 1931, akitoka pwani, alikokuwa na nyumba Takaungu, alipaa kutoka Voi, ndege ikazunguka, ikaanguka na kuteketea. Alifariki pamoja na mtumishi wake, Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Vitabu vinavyomhusu bwana vinajaza rafu. Humo mtumishi anapata sentensi moja na jina moja.

Maiti ya Finch Hatton ilisafirishwa kwa treni hadi Nairobi na kuzikwa Ngong, mahali ambapo yeye na Blixen walikuwa wamepachagua. Miezi michache baadaye shamba likiwa limeshauzwa, Blixen aliondoka Kenya asirudi tena. Nduguye marehemu alisimamisha mnara wa jiwe juu ya kaburi. Blixen alipata habari kwa barua kwamba simba wameonekana wakipumzika hapo.

Amelala katika nchi ya watu ambao muziki wao wa jadi haukuhitaji ala. Wamasai huimba kwa koo tupu, kiongozi akitanguliwa na kuitikiwa, na pembe ya tandala hulia katika Eunoto, sherehe ya morani kuvuka rika. Gramafoni ilikuwa mgeni mara mbili katika milima hiyo.

Filamu ilitwaa tuzo saba za Oscar, mojawapo ikiwa ya muziki uliotungwa na John Barry. Konsato ya klarineti ya Mozart, iliyotungwa mwaka 1791, ikapata wasikilizaji wapya kote duniani, na tangu hapo imegandamana na jina la Finch Hatton. Kamante, aliyekuwa ametoa simulizi zake mwenyewe katika kitabu cha mwaka 1975, alifariki mwaka huohuo filamu ilipotoka.