Alexander Mackay, Mtumishi wa Mungu Aliyetengeneza Njia

Kilosa na Mikumi ni nchi ya njia. Tangu zamani misafara iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi na Ujiji ilipita katika bonde la Mto Mkondoa. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, naye Stanley mwaka 1871. Baadaye ikaja reli ya kati, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikakamilika barabara ya lami iendayo Zambia, inayokatiza Hifadhi ya Mikumi kwa mwendo wa kilometa 50 hivi. Kwa hiyo Kanisa lililopandwa katika nchi hii limekuwa Kanisa la wenyeji na la wapita njia pia. Katika kuadhimisha miaka mia moja ya kazi ya Injili hapa, inafaa kumkumbuka mtu ambaye hakuwa Mlutheri wala mchungaji, lakini aliyetangulia kuifanya kazi ya njia kuwa utumishi wa Mungu. Mtu huyo ni Alexander Mackay.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba, 1849, katika kijiji cha Rhynie huko Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti na mtaalamu wa jiografia, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe masomo ya kwanza nyumbani. Kijana huyo alisomea ualimu huko Edinburgh, kisha akajifunza uhandisi, kwa maana tangu utoto alipenda mashine kuliko michezo. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha Berlin, akapanda cheo hata akawa mkuu wa idara ya injini za treni. Mjini humo alikaa katika nyumba ya mhubiri wa jumba la mfalme, Baur, na hapo akazoea ibada na sala za Wakristo wa Kijerumani. Hivyo, kabla ya kuiona Afrika, mtu huyu alikuwa amekwisha kula mezani pa Kanisa lile lile la Kiinjili ambalo wamisionari wake, tangu mwaka 1887, walianza kazi Dar es Salaam.

Mwishoni mwa mwaka 1875 ilitangazwa barua ya Stanley iliyoomba walimu wa Injili kwa ajili ya Kabaka Mutesa wa Buganda. Chama cha Misioni cha Kanisa la Kianglikana, yaani CMS, kiliitikia wito huo, na Mackay akajitoa. Aliondoka Uingereza Aprili 1876, akiwa mmoja wa watu wanane. Katika kuagana aliwaonya waliobaki wasishangae wakisikia upesi kwamba mmoja wa kundi lile amekufa. Neno lake lilitimia: Agosti mwaka huo huo mmoja wao alizikwa Zanzibar.

Swali la kwanza lililowakabili lilikuwa swali la uchukuzi. Wakati huo kila kitu kilichokwenda bara kilibebwa kichwani au begani mwa mpagazi, mzigo wa uzito wa frasila mbili hivi, kwa miezi mingi ya kwenda kwa miguu. Mackay na wenzake walitafuta kwanza njia ya maji. Mnamo Juni 1876 waliingia Mto Wami kwa mashua yao iliyoitwa Daisy. Maji ya Mkondoa ya Kilosa na ya Mkata ya Mikumi huishia katika mto huo. Kama ungepitika, mashua zingeweza kuikaribia nchi hii. Lakini Wami ulikuwa na vipindi vingi na maji haba, nao wakarudi. Mto Ruvu pia haukuwafaa.

Ndipo msafara ulipopanga kwenda kwa miguu. Mackay alishikwa na homa kali njiani, daktari akamrudisha pwani, na wenzake wakaendelea mbele kuelekea ziwani. Kwa kijana aliyeacha kazi nzuri ili afike Buganda, kurudishwa nyuma namna hii kulikuwa jaribu kubwa. Zaidi ya hayo, kazi aliyopewa sasa haikuwa ya kuhubiri. Aliagizwa kukata barabara ya magari kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, mwendo wa kilometa zipatazo 370.

Aliianza kazi hiyo mwaka 1877 akiwa na vibarua kadhaa, mashoka, misumeno, sururu na majembe. Walifyeka vichaka vya miiba, wakaangusha miti, na kuchimba kingo za vijito ili magurudumu yapate kushuka na kupanda. Barabara ilipita nchi ya Wazigua, ikaingia Ukaguru na kupita Mamboya, upande wa kaskazini wa Kilosa, kabla ya kupanda kuelekea Mpwapwa. Mackay hakusimama kando na kuamuru tu. Alishika shoka pamoja na watu wake, akalala kambini mwao, na kujifunza Kiswahili vinywani mwao. Watu waliomwona walistaajabu kuona Mzungu mwenye mikono migumu kama ya mfua chuma.

Nia yake ilikuwa kuwapunguzia wanadamu mzigo. Msimisionari Roger Price wa chama cha London alikuwa amejaribu mwaka 1876 kupeleka maksai wanne Mpwapwa, nao wakafika salama. Kwa sababu hiyo wengi waliamini kwamba magari ya maksai yatachukua mahali pa mabega ya wapagazi. Lakini jaribio lile liliwadanganya. Magari yalipotiwa barabarani, maksai walianza kudhoofika na kufa mmoja baada ya mwingine. Mbung'o alikuwa amewauma. Wakati huo haikujulikana bado jinsi mdudu huyo anavyoleta ugonjwa; ni mwaka 1895 ndipo David Bruce alipothibitisha kwamba mbung'o huambukiza vijidudu vya nagana katika damu ya mnyama. Watu wa Mikumi, ambao mpaka leo wanamfahamu mbung'o wa hifadhini, wataelewa bila kuelezwa sana kwa nini magari yale hayakufika mbali. Mvua nazo zilizamisha magurudumu katika matope, nyasi zikarudi juu ya njia, na wapagazi wakabeba tena mizigo yao kama zamani.

Kwa hesabu ya wanadamu, barabara ile ilikuwa hasara. Tena ikaja habari nzito kuliko hasara ya maksai. Desemba 1877 wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe. Mackay aliziacha shughuli za magari, akaenda mbio mpaka ziwani, akafika Juni 1878. Alivuka kwenda kwa Lukonge, mtemi wa Ukerewe, bila silaha, si kwa kulipiza kisasi bali kutafuta amani. Kisha akaitengeneza Daisy iliyokuwa imeharibika, na Novemba 1878 akafika Buganda.

Huko ndipo ilipoonekana kwamba miezi ya njiani haikupotea yote. Lugha aliyojifunza kati ya vibarua na wapagazi ilifahamika katika jumba la Mutesa, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameitangulia Injili huko. Mackay alisoma na kufundisha Maandiko kwa Kiswahili, akitumia tafsiri za Askofu Steere wa Zanzibar, kabla ya kupata vitabu vya Kiganda. Kiswahili cha njiani, kilichozoea hesabu za vitambaa na pembe za ndovu, kikawa chombo cha kumtangaza Kristo. Baadaye alichapa maandiko ya Kiganda kwa mashine yake mwenyewe, na watu wa kwanza wa misioni ile wakabatizwa Machi 1882.

Maisha yake hayakukosa udhaifu. Mapadri wa Kikatoliki walipofika mwaka 1879, yeye na wao walibishana mbele ya Kabaka, na mabishano hayo yaliwachanganya waliotaka kujua njia ya wokovu. Tena Mutesa alimthamini kwa ufundi wake kuliko kwa mahubiri yake. Yeye mwenyewe hakuona aibu kufua chuma mchana na kufundisha kusoma jioni. Kwake kazi zote mbili zilikuwa za Bwana mmoja.

Chini ya Kabaka Mwanga saa ya majaribu ilifika. Januari 1885 Mackay na mwenzake walikamatwa walipokuwa wakielekea ziwani pamoja na vijana wao. Wazungu waliachiliwa, lakini tarehe 31 Januari vijana watatu Wakristo walichomwa moto. Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga, na mwaka 1886 wafiadini wengi, Waanglikana na Wakatoliki, waliuawa. Mackay alibaki kati ya kundi lililotawanyika mpaka Julai 1887, alipolazimishwa kuondoka. Akahamia Usambiro, kusini ya Ziwa Viktoria.

Usambiro alirudia utumishi wake wa kwanza, yaani kuwahudumia walio safarini. Stanley alipopita huko mwaka 1889 pamoja na Emin Pasha na watu wengi waliochoka, Mackay aliwapokea, wakapumzika kwa majuma karibu matatu. Stanley alimsihi arudi nao Ulaya. Alikataa, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kushika mahali pake. Aliendelea kuunda mashua ya mvuke kwa ajili ya ziwa, mpaka homa ilipomshika. Alifariki tarehe 8 Februari, 1890, akiwa na umri wa miaka 40, bila kurudi kwao hata mara moja kwa karibu miaka 14.

Haifai kuisifu njia bila kukumbuka pia madhara yake. Njia za Usagara zilipitisha minyororo ya watumwa, hata baada ya Sultani Barghash kuipiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876. Zilipitisha bunduki. Novemba 1884 Carl Peters alianzia Saadani hiyo hiyo kuingia Usagara na kuwatia machifu katika mikataba iliyofungua mlango wa utawala wa Kijerumani. Njia haichagui mpitaji. Kwa sababu hiyo Kanisa lililoko kando ya njia haliwezi kutosheka kwa kuitazama tu. Linapaswa kujua ni nani apitaye, amebeba nini, na anaumia wapi.

Leo hakuna mpagazi anayebeba frasila mbili kupitia Mamboya. Lakini mizigo ya Zambia, Malawi na Kongo hupita Mikumi usiku na mchana, na wanaoiendesha ni madereva na utingo waliokaa mbali na nyumba zao, wenye kuchoka, wenye kukutana na ajali, na ambao wengi wao ugonjwa wa UKIMWI uliwakuta katika vituo vya barabarani. Hao ndio warithi wa wapagazi wa zamani. Mackay hakuwangojea wa namna hiyo waje kanisani. Alikwenda walipokuwa, akafanya kazi pamoja nao, akajifunza lugha yao, na kwa lugha hiyo akamhubiri Kristo.

Barabara aliyoikata ilifunikwa na majani zamani. Utumishi alioufanya juu yake umebaki kuwa wajibu wa kila usharika ambao Mungu ameuweka njiani. Bwana, aliyewaita watu wa zamani kumtengenezea njia nyikani, awajalie washarika wa Kilosa na Mikumi kuifanya kazi hiyo kwa uaminifu katika miaka mia nyingine ijayo.