Gregory na fumbo la Bonde la Ufa

MKAZI wa mtaa wa West Indies mjini Eldoret akisafiri kilomita 35 hivi hadi Iten, hufika mahali ardhi inapokatika ghafla na Bonde la Kerio kutanda chini yake. Miongoni mwa wataalamu wa awali waliotafuta chanzo cha maajabu hayo alikuwa John Walter Gregory.

Mwanajiolojia huyo alizaliwa London mwaka 1864. Alipotimu miaka 15 aliajiriwa karani katika biashara ya sufu, huku akijisomea sayansi jioni, hadi alipopata kazi katika jumba la makumbusho mwaka 1887. Mwaka 1893, baada ya msafara mkubwa aliofuatana nao kuvunjika, alitoka Mombasa na wapagazi wapatao 40, akafika Ziwa Baringo, kisha akaukwea Mlima Kenya hadi penye barafu.

Mabonde mengi ya dunia yamechongwa na maji. Gregory alilinganisha miamba ya kuta mbili na ya sakafuni, akabaini kuwa hili lilizama kati ya nyufa sambamba. Eduard Suess wa Vienna alikuwa amedokeza jambo hilo mwaka 1891 bila kufika Afrika Mashariki. Gregory alilileta na ushahidi, akalichapisha kitabuni mwaka 1896.

Kwa nini ardhi ilizama? Hapo ndipo alipokwama. Alidai kuwa kudidimia kwa sakafu ya Bahari ya Hindi kuliinyima nchi kavu mhimili wake. Alirudi mwaka 1919, akaandika tena mwaka 1921, lakini hakukubali kwamba mabara husogea. Ni katika miaka ya 1960 ndipo wanasayansi walipothibitisha kuwa ganda la dunia limegawanyika mabamba yanayosogea polepole, na kwamba Afrika Mashariki inapasuka.

Je, alaumiwe? La hasha. Sakafu za bahari, zilikopatikana ushahidi huo, hazikuwa zimepimwa ipasavyo enzi zake. Waliomsahihisha walianzia pale alipoishia. Mwanzo wa ngoma ni lele.

Lawama inamstahili kwingineko. Mwaka 1925 alitoa kitabu kilichotetea kutenganishwa kwa watu kwa misingi ya rangi, ilhali safari iliyompa sifa ilibebwa mabegani mwa Waafrika. Kuhusu miamba alipima kabla ya kunena. Kuhusu binadamu alihukumu pasipo kipimo. Nadharia pungufu husahihishwa na wajao, lakini chuki iliyovishwa joho la elimu huwaumiza walio hai.

Gregory alikufa maji mwaka 1932 katika mto mmoja nchini Peru, akiwa bado kazini, umri wake miaka 68. Hadi leo wanajiolojia huiita sehemu ya Kenya ya bonde hilo Ufa wa Gregory.